Kabla ya Kupanda Juu, Tazama Mbingu

Wazazi wengi wa kwetu wana watoto wanaokaa ng'ambo. Hutokea siku moja kwamba mama wa Bukavu au baba wa Lubumbashi anapanda ndege kwenda kumsalimu mwanawe huko New York, katika nchi ya Marekani. Naye mtoto, akitaka kumfurahisha mzazi wake, humwambia: «Mama, kesho nitakupeleka juu ya nyumba ndefu, uuone mji wote.» Neno hilo ni jema. Lakini matembezi hayo humpa furaha yule aliyeyatengeneza mapema. Asiyeyatengeneza hulipa fedha nyingi, kisha akatazama ukungu.

Tuchukue nyumba moja inayojulikana kuliko nyingine, yaani Empire State Building. Ilianza kujengwa mwezi wa Machi 1930, ikafunguliwa tarehe 1 Mei 1931. Ina ghorofa 102. Kimo chake ni meta 381, na ukihesabu pamoja na mlingoti wake wa juu ni meta 443. Kwa muda wa miaka kama 40 ilizipita nyumba zote za dunia kwa urefu. Sasa ziko zinazoipita, hata katika mji uleule, walakini watu hawajaacha kuipanda.

Basi, ewe kijana uliye mwenyeji huko, jambo la kwanza ni hali ya mbingu. Siku iliyo safi macho hufika mbali hata kilometa 130 hivi. Siku ya mawingu, kilele chenyewe kimo ndani ya wingu, nawe utaona weupe mtupu. Tiketi huuzwa kwa siku na saa iliyotajwa. Uliza masharti yake kabla ya kulipa, kama yaweza kubadilishwa, na kama fedha hurudishwa. Mzazi akikaa kwako siku nyingi, ngoja kwanza usikie habari za hali ya hewa. Na asubuhi ile simama njiani, inua macho: kama kilele hakionekani kutoka chini, basi na chini hakutaonekana kutoka juu.

Ukungu wa mahali pale si jambo la kuchezea. Jumamosi tarehe 28 Julai 1945, rubani wa ndege ya jeshi la Marekani alipita juu ya mji katika ukungu mzito. Alikuwa amekwisha kuonywa kwamba kilele cha nyumba hiyo hakionekani. Hata hivyo aliendelea na safari yake, ndege ikaigonga nyumba karibu na ghorofa ya 79. Hapo palikuwa na ofisi ya Wakatoliki ya kuwasaidia watu walioumizwa na vita, ambayo leo huitwa Catholic Relief Services. Nao wafanyakazi wake walikuwa kazini. Watu 14 walikufa: 3 wa ndege na 11 wa nyumba. Mwanamke mmoja aliyeendesha lifti, Betty Lou Oliver, alianguka pamoja na lifti yake kupita ghorofa 75, naye akapona. Nyumba haikuanguka.

Jambo la pili ni saa. Wengi hupenda kupanda jua linapokaribia kuchwa, ili waone mchana na taa za usiku pamoja. Kwa hiyo saa hiyo msongamano ni mkubwa. Mzee asiyeweza kusimama muda mrefu apelekwe asubuhi, mara mlango unapofunguliwa. Saa za kufungua hubadilika kwa majira, basi uliza.

Jambo la tatu ni mwili wa mzazi wako. Mlangoni mizigo hukaguliwa kama katika uwanja wa ndege, wala hakuna mahali pa kuweka masanduku. Mwende na mkoba mdogo tu. Lifti hupanda kwa mbio, na masikio huziba. Mwambie ameze mate, yatazibuka. Katika ghorofa ya 86 baraza iko wazi, imezungukwa na wavu mrefu wa chuma, na upepo wake ni mkali kuliko wa njiani. Mama wa kwetu aliyevaa kitenge na kitambaa cha kichwa ataumwa na baridi. Chukua koti na shali. Ghorofa ya 102 imefungwa kwa vioo, lakini kuifikia hulipiwa zaidi. Kama fedha ni chache, ile ya 86 yatosha kabisa.

Mkiisha kufika, usimwache mzazi atazame bila kuelewa. Mwonyeshe upande wa kusini, kwenye bahari, Sanamu ya Uhuru iliyotolewa na Wafaransa na kuzinduliwa mwaka 1886. Upande huohuo yuko mnara mpya wa meta 541, karibu na mahali palipoanguka minara miwili tarehe 11 Septemba 2001. Upande wa kaskazini iko Central Park, bustani ya hekta 341 katikati ya majengo. Upande wa magharibi unapita mto Hudson. Kisha mwonyeshe mtaa unaokaa wewe, na njia unayopita kwenda kazini. Pengine hilo ndilo alilotaka kuliona tangu alipotoka nyumbani.

Na mzazi akiogopa, akasema, «Mwanangu, mimi nitakungoja hapa chini», usimcheke wala usimvute mkono. Kwa sababu hiyo pia ni vizuri kumwuliza kabla ya kununua tiketi. Hakuvuka bahari kwa ajili ya nyumba ndefu. Alikuja kukuona wewe. Mketi pamoja mahali penye kivuli, mwongee habari za nyumbani, na siku yenu haitakuwa imepotea.