KABLA YA BWAWA, ULIZA MTO UTABAKI NA MAJI KIASI GANI

Mto Pangani wengi wetu tunauita Ruvu. Mto huu unapita Korogwe, lakini maji yake yananywewa pia Handeni. Katika kijiji cha Tabora, wilayani Korogwe, kuna mashine zinazovuta maji mtoni na kuyasukuma mpaka Handeni. Bomba lile kubwa lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mwaka 2022 Serikali ilitia sahihi mikataba ya maji ya miji 28, kwa mkopo kutoka India. Handeni ni mmoja wa miji hiyo, na mto unaotegemewa ni huo huo. Tena, mipango ya bwawa la umwagiliaji katika bonde la Mkomazi, huko Korogwe, imezungumzwa kwa miaka mingi. Mkomazi nao humwaga maji yake Ruvu.

Sisemi kwamba miradi hii ni mibaya. Mama wa Handeni huamka usiku kwenda lamboni. Huko anachota maji yenye rangi ya chai ya maziwa, ambayo ng'ombe wamekwisha kuyakanyaga. Watoto wake wanaharisha, na macho yao ni mekundu kwa sababu maji ya kunawa uso hayatoshi. Mtu wa Korogwe anayesema, "Handeni watafute maji yao," hasemi haki.

Lakini liko jambo la kufanya kabla ya kujenga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa kama bwawa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira. Maana yake ni kupima mapema mradi utaleta mema gani na madhara gani. Wataalamu wanaopima wanatakiwa kusikiliza maoni ya wananchi. Wengi hudhani hii ni habari ya miti na wanyama tu, wakabaki shambani. Mimi naona ni habari ya afya kwanza.

Ulizeni hivi: wakati wa kiangazi, kabla vuli haijanyesha, mto utabaki na maji kiasi gani? Msikubali kujibiwa kwa wastani wa mwaka mzima. Tuseme Jumatatu umechota madebe saba, yakaisha Jumatano, na hukuchota tena mpaka Jumatatu nyingine. Mtaalamu ataandika kwamba nyumba yako inapata debe moja kila siku. Hesabu yake ni sahihi. Lakini Jumamosi watoto wana kiu.

Mto ukipungua sana, maji hukatika na kubaki vidimbwi. Hapo uchafu hauendi tena. Dimbwi moja linakuwa la kunywa, la kufulia na la kunyweshea mifugo, na kuhara kunaingia kijijini. Kule Pangani mjini, nguvu ya mto inapopungua, maji ya chumvi ya bahari hupanda mtoni. Kwa hiyo Korogwe nayo ina jirani wa chini, kama Handeni ilivyo na jirani wa juu.

Tunalo la kujifunza hapo hapo kwenye mto wetu. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960. Miaka ya mwanzo samaki walikuwa wengi mno, baadaye wakapungua. Chini ya bwawa, katika mbuga za Kirua, mafuriko ya kila mwaka yaliyoleta samaki yalipungua pia. Siku hizo hapakuwa na sheria ya kumtaka mjenzi apime mambo hayo kwanza.

Sasa tutazame bwawa lenyewe. Maji yaliyosimama yana mbu, hilo mnalijua. Kichocho wengi hawakifahamu vizuri. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai ya vijidudu hutoka na mkojo na kuanguliwa. Vijidudu huingia ndani ya konokono wadogo wanaopenda maji yaliyotulia yenye majani. Humo huongezeka, halafu hutoka na kuelea. Mtoto akiogelea, hupenya ngozi yake bila yeye kusikia lolote. Baadaye anakojoa damu. Zahanati humpa vidonge vya prazikwanteli, anapona. Jumapili anarudi kuogelea bwawani, na vijidudu vinamwingia tena. Vidonge peke yake havitamaliza kazi hiyo.

Kwa hiyo mwulizeni mwenye mradi: mifugo itanyweshwa wapi, mbali na mahali pa kuchota? Akina mama watafulia wapi bila kuingia majini? Vyoo vya vibarua vitachimbwa lini, kabla ya kazi kuanza au baada? Nani atafyeka majani ya ukingoni, na kwa fedha gani? Haya yaandikwe ndani ya mradi, maana bwawa likijaa hakuna atakayerudi kuleta fedha za choo.

Tena ombeni kusomewa kibali cha maji. Kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, nacho hutaja kiasi cha maji kinachoruhusiwa kuchukuliwa. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, na inataka mto nao ubakiziwe maji.

Mkutano ukiitishwa, nendeni, na akina mama wasikae nyuma kimya. Wao ndio wanaojua kisima kipi hukauka kwanza na mwezi gani. Wewe uliyejifunza kusoma, omba muhtasari wa mkutano uutazame. Kama swali lako halimo, lirudie liandikwe kabla wageni hawajapanda gari.