Fimbo ya Kuchelewa Namba

Wapo walimu wenzangu huku Ngara na Biharamulo wanaoshikilia kwamba mtoto aliyechelewa namba akichapwa mstarini, akili yake huamka. Hoja hiyo nimeisikia tangu nikiwa mwanachuo wa ualimu, na siikubali hata chembe.

Kwanza jua lenyewe. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, lakini jua la Ngara huchomoza kama nusu saa baadaye. Mtoto wa Rulenge au Nyakahura anayetakiwa shuleni saa moja huondoka nyumbani gizani, pengine ameshateka maji. Akifika anapokewa na mwalimu wa zamu mwenye fimbo.

Sasa tazama yanayotendeka mwilini. Kuna homoni iitwayo kotisoli, ambayo hupanda alfajiri, huwa juu karibu na wakati wa kuamka, kisha hushuka taratibu hadi usiku. Si sumu. Mwaka 2013 Conor Liston na wenzake huko Marekani walionyesha, kwa panya, kwamba kilele hicho husaidia vichipukizi vipya kuota kwenye seli za ubongo baada ya kujifunza, na kwamba kushuka kwake ndiko kunakoviimarisha. Homoni ikizidi siku baada ya siku, vichipukizi hupotea, na hata yaliyokwisha kujifunzwa huvurugika. Ubongo, basi, asubuhi umeshaamka wenyewe. Fimbo inaamsha nini?

Watanijibu kwamba panya si mtoto. Haya. Mwaka 2016 Tobias Hecker na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa shule ya msingi hapa hapa Tanzania. Adhabu kali ziliambatana na huzuni na hofu, nazo hizo ziliambatana na kumbukumbu hafifu na maendeleo duni darasani. Kuambatana si kusababisha, nakiri. Lakini wanaotetea fimbo hawana hata hicho.

Na kanuni za mwaka 2002? Viboko visizidi vinne, kwa kosa zito, kwa mkono au idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe. Tangu lini robo saa ya giza ikawa kosa zito? Nani huiandika?

Namba iitwe saa moja na nusu. Kufagia uwanja kuhamie mchana. Aliyechelewa aingie darasani moja kwa moja, akute hesabu ubaoni.