Chora ratiba kwanza, reli baadaye

Leo naweka kando hifadhidata na fremuweki za JavaScript, tuongee kuhusu treni. Si SGR (ingawa nayo itapita hapa chini), bali zile treni ndogo ambazo watu wazima, tena wengi wao wahandisi na waprogramu, huzijengea reli ya chumba kizima nyumbani: na mlima, na daraja, na stesheni yenye taa. Hapa kwetu si burudani ya kawaida, najua. Lakini ukianza kusoma jinsi reli kama hiyo inavyopangwa utajikuta unasoma kazi yako mwenyewe. Na hoja yangu ni moja tu: watu wengi wanaanzia upande usiofaa. Wanachora reli, ilhali kinachotakiwa kuchorwa kwanza ni ratiba.

Kwanza, kwa wanaouliza treni za kuchezea zinaingiaje kwenye ukurasa wa kompyuta. Chuo cha MIT kule Marekani kina klabu ya reli za mfano tangu 1946, Tech Model Railroad Club. Kulikuwa na waliopenda kupaka rangi mabehewa, na kulikuwa na waliolala chini ya meza wakiunganisha swichi za simu ili treni zijiongoze. Hao wa chini ya meza ndio walioingia usiku kwenye kompyuta za chuo mwishoni mwa miaka ya 1950, na neno "hacker" kwa maana tunayoitumia sisi lilitoka kwao. Kwa hiyo hatuko ugenini hapa. Ni kwa babu zetu.

Haya, hesabu. Skeli inayopendwa zaidi ni HO, yaani 1:87. Kilomita moja ya kweli inakuwa mita 11.5. Sasa chukua reli ile ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi, takriban kilomita 530. Gawanya kwa 87. Unapata kilomita sita na ushei! Ukishuka hadi skeli ya N, 1:160, bado ni zaidi ya kilomita tatu. Hakuna mwenye sebule hiyo. Maana yake ni kwamba hata mwenye nyumba kubwa kiasi gani hajengi reli. Anachagua cha kutupa. Na huwezi kuchagua cha kutupa kama hujaamua treni zako zina kazi gani.

Tuseme una bahati, una chumba cha mita 6 kwa 4, na unataka reli ya Mombasa–Nairobi ya miaka ya 1960, enzi za zile injini za Garratt daraja la 59. (Zilitengenezwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester, 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima. Mount Gelai ipo kwenye Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, nenda ukaione, picha haikuandai.) Injini moja ina urefu wa karibu mita 32. Kwa HO ni sentimita 37. Weka nyuma yake mabehewa 12 ya mizigo, kila moja sentimita 13 pamoja na kiungio chake, na behewa la gadi mwishoni. Treni yako ina mita 2 na kidogo.

Hiyo mita 2 andika ukutani kwa chokaa, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote. Reli ni ya njia moja, kwa hiyo treni mbili zinazokutana lazima zipishane stesheni. Reli ya kupishana lazima imeze treni nzima, mita 2, kisha uongeze pointi kila upande (pale reli inapogawanyika), sentimita 30 hivi kila moja. Jumla, na nafasi ndogo ya usalama, ni mita 2.7. Sasa rudi chumbani. Ukuta mrefu una mita 6, lakini kila pembe inaliwa na kona. Kona yenye nusu-kipenyo cha sentimita 75 ni ya wastani tu kwenye HO, na mbili zinakula mita 1.5. Zimebaki 4.5. Stesheni mbili zingetaka 5.4. Hazitoshi, inaingia moja. Ukuta mfupi umebaki na mita 2.5: hauingizi hata moja.

Chumba ulichodhani ni kikubwa kina stesheni MBILI. Hapo hujakata mbao, hujanunua hata msumari, na tayari umeshajua jambo ambalo mwenye kuanza na mchoro hulijua baada ya mwaka mmoja. Bila shaka unaweza kupunguza treni iwe ya mabehewa sita, au kuingiza meza ya katikati kama rasi, au kujenga ghorofa ya pili. Kila moja ni uamuzi halali. Ila ni uamuzi juu ya usafiri, haukuhusu uzuri wa kona.

Kwa kuwa ni mbili tu, basi zichaguliwe kwa kazi. Mimi ningechukua Voi na Konza. Voi ina tawi la kwenda Taveta hadi Moshi. Konza ina tawi la Magadi (naam, ni Konza hiyo hiyo ya mji wa teknolojia, ilikuwa makutano kabla hatujaambiwa ni ya kidijitali). Magadi inajaza mabehewa yanayoshuka bandarini, na matupu yanapanda kurudi. Tayari una mzigo wenye sababu ya kusafiri, pande zote mbili. Ukichagua stesheni kwa sababu jengo lake ni zuri, treni itafika pale isiwe na la kufanya.

Na Mombasa na Nairobi zenyewe? Hazijengwi. Zinafichwa. Hili ndilo wazo bora kuliko yote katika fani hii, na lilipata nguvu kupitia Allen McClelland wa Dayton, Ohio, na reli yake Virginian & Ohio: kwamba chumba chako ni kipande tu cha mtandao mkubwa zaidi, na treni inatoka "kwingine" na kuelekea "kwingine". Kabla yake Frank Ellison wa New Orleans, mwenye Delta Lines, aliandika miaka ya 1940 kwamba reli ya mfano ni mchezo wa kuigiza, treni ni waigizaji na reli ni jukwaa. Basi waigizaji wanahitaji mahali pa kusubiri nyuma ya pazia. Hiyo ni yadi iliyofichwa: reli tano sambamba chini ya meza, kila moja inabeba treni nzima. Kwa mprogramu, ni mpaka wa mfumo. Huandiki benki nzima ili ujaribu malipo, unaandika upande wa pili unaojibu kama benki. (Kwenye reli za kweli mpaka huo unauma zaidi. SGR ilipofunguliwa 2017 stesheni za mwisho ziliwekwa Miritini na Syokimau. Treni inafika salama kabisa, na abiria ana safari nyingine ya kumfikisha mjini. Mtu alichora reli vizuri sana.)

Sasa angalia gharama ya yadi hiyo, maana hapa ndipo michoro mingi mizuri inapofia. Mkono wako unahitaji kuingia kuokoa behewa lililoanguka, kwa hiyo yadi iwe sentimita 25 chini ya mandhari. Treni ndefu haipandi mwinuko mkali. Asilimia 2 ndiyo watu wengi huikubali. Kushuka sentimita 25 kwa asilimia 2 kunataka mita 12.5 za reli. Mzunguko mzima wa chumba chetu, kona zikiwemo, ni karibu mita 18.7. Theluthi mbili za chumba zimeliwa na kushuka tu! Na zinahitajika mbili, moja kwa Mombasa na nyingine kwa Nairobi. Njia nyingine ni kujipinda kama parafujo: duara la nusu-kipenyo cha sentimita 75 linashuka sentimita 9.4 kwa kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko kama mitatu inatosha, ila meza yake ni mita 1.6 kwa 1.6, na treni inayokwenda kilomita 40 kwa saa ya skeli itatoweka machoni pako kwa dakika moja na nusu. Vyote viwili vinawezekana ukivijua mapema. Ukiwa umeshajenga Voi pamoja na minazi na chapati za kwenye kioski, haviwezekani tena. Yadi iliyofichwa haiongezwi baadaye, kama vile huongezi kitambulisho cha mteja kwenye jedwali lenye miaka kumi ya malipo bila machozi.

Kuna programu za kuchora. XTrackCAD ni huria, kuna AnyRail, kuna SCARM. Ni nzuri, sizikatai. Zitakuambia kona imebana, mwinuko umezidi, vipande havikutani. Lakini zinakupa raha ya uwongo ile ile unayoipata msimbo unapokompaili bila onyo hata moja. Hazijui kama treni zako zitapishana. Chukua Voi na Konza, kila moja ina reli mbili. Weka Konza treni mbili zinazoshuka, na Voi mbili zinazopanda. Zote nne ziko stesheni, hakuna iliyovunja sheria, na hakuna inayoweza kusogea mbele. Umeona hiyo mahali? Ni mkwamo ule wa kitabu cha mifumo endeshi. Dijkstra alipohitaji jina la kifaa cha kuzuia michakato isigongane, miaka ya 1960, alitumia semafo, jina la ile ishara ya mkono kando ya reli. Tumelikopa neno kutoka kwao, tukasahau kuwarudishia somo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mprogramu yeyote anayewaza jambo hili: usifungue programu ya kuchora. Fungua kihariri cha msimbo. Kila kipande cha reli kipe uwezo (kipande cha njia moja ni 1, stesheni ni 2, yadi ni 5), kila treni ipe orodha ya vipande na saa ya kuondoka, halafu iendeshe. Mistari mia mbili ya Python inatosha. Itakuonyesha mahali panapobana kabla hujaamua kona iko wapi. Asiyeandika programu atumie karatasi na sarafu, jibu ni lile lile.

Najua pingamizi. Mtu atasema hii ni burudani bwana, mimi nataka duara, chai, na treni izunguke. Sawa kabisa, na kwa reli ya meza moja sina neno. Ninazungumzia reli KUBWA, inayokula akiba na jioni zako kwa miaka. Tuseme ina pointi 50, na kila moja inagoma mara moja tu kwa mwaka. Hiyo ni karibu hitilafu moja kila wiki, maisha yako yote. Kila pointi ni msimbo utakaoutunza. Ratiba ndiyo inayokuambia ni zipi zina kazi, nyingine futa.

Na kuna jambo la muda. John Allen wa Monterey, California, alijenga kwenye nyumba aliyonunua 1953 reli iliyopigwa picha pengine kuliko zote, Gorre & Daphetid. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza. Alikuwa bado anaijenga. Watu husimulia kisa hiki kwa huzuni ya kutokamilika, mimi nakiona tofauti kidogo: kwa miaka mingi marafiki zake walikuja kuiendesha kwa ratiba, kila mmoja na kazi yake, huku sehemu nyingine zikiwa mbao tupu. Ilikuwa inafanya kazi. Reli kubwa ya nyumbani kwa kawaida haikamiliki, kwa hiyo cha kujiuliza kwenye mpango ni kama mwaka wa pili treni moja ya Magadi itaweza kutoka kwenye yadi, kupita Konza na Voi, na kufika yadi ya pili. Kama mpango unahitaji kila kitu kiishe ndipo kitu kimoja kiende, upangue.

Asiye na chumba kabisa (yaani wengi wetu) ana pa kuanzia pia. Allen huyo huyo alitoa 1972 fumbo aliloliita Timesaver: ubao mdogo, pointi tano, injini moja na mabehewa machache ya kupanga upya. Kwenye kompyuta ni utafutaji wa hali, hauhitaji mbao wala stima. Lijaribu kwanza kwa mkono, kisha uandike programu ya kulitatua, uone programu yako inahitaji hatua ngapi pungufu ya zako. Mambo ya nyaya, na jinsi amri za kila injini zinavyopita ndani ya reli zenyewe pamoja na umeme, yanataka makala yake.