Viziwi wahitaji washauri wao, si wakalimani pekee

ANAPOINGIA katika chumba cha ushauri nasaha, mtu hutarajia siri yake ibaki baina yake na mshauri. Kwa kiziwi, matarajio hayo mara nyingi huvunjika kabla ya mazungumzo kuanza. Hulazimika kuandamana na mama, dada au jirani wa kumtafsiria, na lile asilotaka lijulikane nyumbani huwa tayari limejulikana.

Ni kwa kutambua tatizo hili ambapo mapema miaka ya 2000, shirika la Liverpool VCT lilifungua vituo vya viziwi vya kupima virusi vya Ukimwi Nairobi, Mombasa na Kisumu. Washauri waliohudumu humo walikuwa viziwi waliopewa mafunzo ya kazi hiyo.

Mshauri asiyesikia haleti Lugha ya Ishara ya Kenya pekee. Anaujua upweke wa kuketi mezani jamaa wakicheka bila yeyote kumweleza kinachochekesha. Anajua pia kwamba viziwi wengi walitoka shuleni bila kuimudu lugha ya maandishi, hivyo kijikaratasi cha maelezo hakiwezi kushika nafasi ya mazungumzo.

Wapo wanaoshikilia kwamba wakalimani wanatosha. Hapana shaka wanahitajika, hasa kortini na hospitalini. Hata hivyo, katika ushauri nasaha mkalimani ni mtu wa tatu. Ni kweli kwamba mshauri kiziwi naye hutoka katika jamii hiyo hiyo ndogo, ambamo wengi hufahamiana. Ndiyo maana mafunzo na maadili ya kutunza siri ni lazima, wala kuwa kiziwi pekee si sifa ya kutosha.

Katiba ya 2010 ilimpa mlemavu haki ya kutumia lugha ya ishara katika Kifungu cha 54, na Kifungu cha 120 kikaifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Lakini tangu 2013, huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti. Hapo ndipo ahadi hiyo inapopimwa: je, ni zahanati ngapi zilizoajiri mshauri kiziwi kwa mshahara wa kaunti, badala ya kutegemea miradi ya wafadhili ambayo hufikia kikomo?

Haki iliyoandikwa katika Katiba haimfai kitu kiziwi ambaye bado hupokea majibu ya vipimo vyake kupitia kwa mamake.