Kompyuta inasema "ndiyo", dirisha linasema "hapana"

Wadau, tangu juzi nagombana na kompyuta yangu hapa Singida mjini. Ni kuukuu, inatumia Linux yenye GNOME kwa sababu bei ya leseni ya Windows na mfuko wangu haviivi chungu kimoja. Basi madirisha yakawa yanafunguka ghafla tu, bila ule mjongeo wa kuteleza. Firefox nayo inaziambia tovuti kwamba mwenyewe nimeomba mijongeo ipunguzwe. Mimi? Sijaomba! Nikaandika:

gsettings get org.gnome.desktop.interface enable-animations

Jibu: true. Yaani mijongeo imewashwa, haina neno.

Mwandishi wa habari haamini chanzo kimoja, nikaenda cha pili, glxinfo. Kikanitajia llvmpipe. Kumbe draiva ya kadi ya picha haifanyi kazi, prosesa ndiyo inachora kila kitu, na GNOME ikiona hivyo huzima mijongeo yenyewe ili mashine isielemewe. Ule mpangilio hubaki na true yake.

Kuzima sina ugomvi nako. Nagombana na ukimya. Nusura nipakue mfumo mzima upya, na bando nanunua kwa jasho! Halafu kuna wenzetu wanaoshikwa na kizunguzungu vitu vikijongea kwenye skrini. Swichi hii ni yao hasa. Wataiaminije ikiwa inasema hivi na mashine inafanya vile? Mstari mmoja tu pembeni ya swichi, "imezimwa kwa sababu ya draiva", ungenipunguzia siku mbili.