Hariri na Heshima

Katika harusi za Kayanga, mshanana, kitambaa kinachofungwa begani, ni vazi la heshima. Lakini wapo wanaolipima kwa mng'aro peke yake, hata familia ikope ili binti ametemete siku moja. Fikira hiyo twaikataa. Hatuchukii kilichotoka nje: gomesi ilibuniwa na fundi Mgoa nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, nasi tukaipokea. Tunachopinga ni kununua jina la hariri. Choma uzi mmoja: hariri hunuka kama nywele zilizoungua, nailoni huyeyuka ikawa donge. Wazee wetu walivaa rubugo, kitambaa cha gome la mti lililopondwa, wala hawakudaiwa. Basi tuchague kwa uwezo wetu, tushonewe na mafundi wetu, vazi lirithiwe na binti zetu.