Mbegu ya soya: kuota pekee hakutoshi

Mkulima wa soya wa Bungoma au Migori ambaye mbegu yake haikutokeza ardhini aghalabu huilaumu mvua, au humlaumu aliyemwuzia. Nionavyo mimi, mshukiwa wa kwanza angepaswa kuwa ghala.

Soya haivumilii kuwekwa kama yavumiliavyo mahindi. Takriban sehemu moja kwa tano ya mbegu hiyo ni mafuta, na ganda lake ni jembamba. Kanuni ya Harrington, ambayo wanafunzi wa kilimo huifahamu, yasema kwamba unyevu wa mbegu ukizidi kwa asilimia moja, au joto la ghala likipanda kwa nyuzi 5 hivi, umri wa mbegu hupungua kwa nusu. Sasa fikiria gunia lililolazwa chini ya paa la mabati miezi minane!

Kipimo kilichozoeleka ni cha uotaji: mbegu hulazwa katika karatasi yenye maji, kwa joto zuri, kisha machipukizi huhesabiwa. Hapo hata mbegu iliyochoka huweza kuota. Shambani hakuna karatasi laini; kuna udongo uliogandamana, baridi na kuvu. Kinachohitajika huko ni nguvu ya mbegu, na nguvu hupotea mapema kabla ya uwezo wa kuota kupotea.

Nguvu hiyo hupimika. Mbegu hutandazwa juu ya wavu ndani ya kisanduku chenye maji chini, kikafungwa, kikawekwa katika joto la nyuzi 41 kwa saa 72. Ni kuizeesha mbegu kwa makusudi. Baadaye hupimwa uotaji. Mafungu mawili yaliyoota kwa asilimia 90 hapo awali yaweza kutengana kabisa: moja likabaki karibu na 80, jingine likaporomoka hadi 30.

Jambo hili humhusu hata zaidi mtafiti anayezalisha aina mpya. Tuseme analinganisha aina mbili, moja ya mavuno ya mwaka jana, nyingine iliyokaa ghalani miaka mitatu. Ile ya pili ikitoka kwa uchache, ataitupa. Atakuwa amehukumu umri wa mbegu huku akidhani amehukumu nasaba yake, na kazi ya miaka mingi ya uchavushaji itakuwa imepotea bila yeyote kujua.

Wapo watakaodai kwamba kipimo hiki ni ghali. Siafiki. Siku tatu za joto na nane za kuhesabu si gharama ya kulinganishwa na msimu mzima wa majaribio. Nao walimu wa kilimo waweza kuanza bila mtambo wowote: wapande soya ya mwaka huu na ya mwaka juzi katika mchanga, kwa kina kimoja, wanafunzi wahesabu kila asubuhi ni ngapi zimetokeza. Tofauti wataiona wenyewe kabla ya wiki mbili kwisha.